Amri ya Aliyeshika Kitambaa

Nilipohamishiwa Olbalbal kufundisha, nilikuta kwamba akina mama wa huko walikuwa na namna mbili za kushona ushanga, na kwamba baada ya muda si mrefu hata mimi mgeni niliweza kuzitofautisha kwa mbali. Namna ya kwanza ilikuwa ya kumshonea mtu wa nyumbani, akiwa ni bibi arusi, mtoto aliyetoka jando au shoga wa tangu utotoni, na katika kazi hiyo kila ushanga ulichaguliwa kwa ncha ya ukucha, na mama aliyevuruga mpango wa rangi aliambiwa wazi mbele ya wenzake. Namna ya pili ilikuwa ya kumshonea mgeni apitaye kwa gari kwenda Serengeti, ambaye huingia bomani, hupiga picha, hushika mkufu, huuliza bei, huelezwa na mwongozaji wake kwamba nyekundu ni ushujaa, buluu ni mbingu na nyeupe ni maziwa, kisha huenda zake ameridhika. Orodha hiyo niliisikia ikikaririwa mara nyingi, na aghalabu akina mama walitazamana wakaficha vicheko. Rangi zina maana yake, bila shaka, lakini maana hiyo imo zaidi katika ujirani wa rangi na rangi, na katika swali la nani amevaa na lini, kuliko katika rangi moja moja kama herufi za alfabeti. Na jambo hili mgeni hakuwa na muda wa kulisikia, wala mshonaji hakuwa na faida ya kulisema.

Olbalbal ni bonde pana lililo chini ya nyanda za juu za Ngorongoro kwa upande wa machweo, mahali ambapo maji ya korongo la Oldupai hufikia mwisho wake, yakatuama wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, yakaacha udongo mwepesi ambao upepo huuinua na kuuingiza katika kila kitu, chakula na daftari za wanafunzi vikiwamo. Atokaye Karatu kuja huko sharti apite lango la Lodoare, apande katikati ya msitu hadi ukingoni mwa kreta penye ukungu na baridi, kisha ateremke upande wa pili kwenye mbuga kavu. Kwa hiyo, ijapokuwa Karatu ina benki, maduka ya ushanga na mabasi ya kwenda Arusha, mtu wa Olbalbal hakwenda Karatu ila kwa shughuli aliyoitafakari tangu juzi. Mtandao wa simu ulipatikana kwa taabu, na mahali pa hakika palikuwa kwenye mwinuko mmoja nyuma ya shule, ambako jioni ungekuta wachungaji, mama mwenye mtoto mgongoni na mwalimu mmoja au wawili, wote wamenyoosha simu zao juu.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetua katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na kukutwa na maradhi hayo Arusha, mkoa wetu wenyewe. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule. Na mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Anga lilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, lakini watalii hawaji kwa tangazo. Nchi iliyopokea wageni zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 ilipokea takriban 620,000 tu mwaka 2020, na upungufu huo, ambao katika vitabu vya hesabu ni mstari mmoja, kwetu ulikuwa ni barabara isiyo na vumbi tangu asubuhi hadi magharibi. Mikufu ilining'inia katika boma za utamaduni bila mtu wa kuitazama. Mama aliyezoea kuuza bangili apate unga aliuza mbuzi, na asiye na mbuzi alikopa.

Bibi mmoja, ambaye sote tulimwita koko kwa taadhima ya umri wake, na ambaye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote katika ushonaji japo macho yalikuwa yameanza kumwacha, hakuyastaajabia hayo. Alikuwa amerithi kwa wazee wake habari za Emutai, maangamizi ya miaka ya 1890, wakati sotoka ilipofyeka ng'ombe na ndui ikafuata kwa watu. "Wakati ule walikufa ng'ombe," alisema, "safari hii wamekufa wageni." Wenzake walicheka sana. Mimi nilicheka pia, ila nilikumbuka kwamba mnamo Machi 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyeongoza msafara ulioanzia Tanga, mji nilikozaliwa, alifika katika kreta ya Ngorongoro wakati wa maafa hayohayo, na akaandika habari za Wamaasai waliobaki mifupa kwa njaa, wakiizunguka kambi yake kuomba chakula. Wapagazi wa misafara ya namna hiyo walibeba nguo na ushanga, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa fedha za safari. Nguo ya merikani ilikuwa imekuja Unguja kutoka viwanda vya Massachusetts tangu siku za Sayyid Said, aliyetia sahihi mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Ushanga ulitoka Venice na Bohemia. Na vyote viwili vilipanda bara juu ya vichwa vya watu wa pwani. Njia ambayo vifurushi tulivyokuja kutumiana na Unguja viliipita ilikuwa njia kongwe.

Vifurushi hivyo vilianza kwa hasara ya mtu mwingine. Mke wa kaka yangu, wifi yangu, anakaa Ng'ambo, Unguja, na kazi yake tangu ujana ni kushona kofia za mkono, zile kofia nyeupe za viua ambazo huundwa kwa tabaka mbili za bafta, zikachorwa, zikatobolewa matundu madogo kwa mamia, na kila tundu likazungushiwa uzi hadi likawa gumu kama jicho la samaki. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Wateja wake wazuri walikuwa Maskati, ambako kofia ya mkono ni vazi la heshima kama lilivyo kwetu. Na ndege ziliposimama, oda alizokwisha kuzikatia kitambaa zilibaki kwake. Iddi ya mwaka ule, iliyoangukia tarehe 24 Mei, ilipita na kofia zimo sandukuni. Siku moja katika simu, nilipomweleza kwamba akina mama wa huku nao wana ushanga uliobaki na hawana wa kumshonea, alisema kwa utani wake wa siku zote, "Basi wifi, tuoze mali iliyochacha kwa mali iliyochacha, labda watazaa." Alituma kwa boti na basi bahasha yenye vipande vya bafta vilivyoshonwa nusu, na pembeni mwake kanda za kaniki za kupindia, ili akina mama wavitie ushanga na kumrudishia.

Koko alikipokea kipande cha kwanza, akakipeleka puani, akakivuta pande zote, akakielekeza juani ili mwanga upite katika matundu. Kisha akauliza kama aliyekishona ana umri gani na ana watoto wangapi. Bei hakuuliza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza, kwa muda wa miaka mingi, kwa kazi ya mtu wa mbali kumfikia yeye ili aitazame, badala ya yeye kutazamwa; na jioni ile, mwinukoni, wifi aliposema "Takwenya" katika sauti aliyoirekodi, neno la salamu ya Kimaasai nililokuwa nimemfundisha, akina mama waliinamia simu wakaitikia "Iko" kwa pamoja kana kwamba msemaji amesimama mbele yao.

Lakini mapenzi ya jioni moja hayashoni kitambaa. Kazi ilipoanza matatizo yalijitokeza, na la kwanza lilikuwa la uzito. Ushanga ni kioo, na kioo ni kizito. Akina mama huushona juu ya ngozi, au siku hizi juu ya vipande vilivyokatwa katika madumu ya plastiki, ama huutunga katika waya, ili kazi isimame yenyewe. Juu ya bafta laini ushanga uliivuta nguo ikakunjamana kama uso wa mtu aliyekasirika. Picha tuliyotuma haikuonyesha jambo hili hata kidogo. Katika picha kipande kilikuwa kizuri, na wifi alisifu. Ni pale kilipomfikia mkononi ndipo alipopiga simu na kusema kwamba kimekufa. Dawa aliitoa katika ufundi wake mwenyewe: alitia uzi mnene wa pamba kati ya tabaka mbili za nguo, akaufuatisha mistari ya ua kwa kushindilia, mpaka bafta ikapata ubavu, na akaagiza kwamba ushanga upite katika matundu yaliyozungushiwa uzi, si katika nguo tupu. Koko alipokipapasa kipande hicho kiliporudi, alisema, "Huyu amemfanya mbuzi kuwa ng'ombe," yaani ameipa nguo nyembamba nguvu ya ngozi.

Rangi nazo zilitusumbua. Simu iliigeuza buluu kuwa nyeusi na machungwa kuwa nyekundu, hata ikawa lazima kutuma uzi mfupi uliotungwa ushanga wa kila rangi, wenye mafundo ya kuhesabia, ili anaposema "ya fundo la tatu" wote wajue ni ipi. Vipimo havikuwa na taabu: pwani watu hupima kwa shibiri, na Olbalbal mkono wa binadamu una vidole vilevile. Lugha ilikuwa na taabu kidogo. Mimi Kimaasai changu ni cha kusalimia na kununulia maziwa, hivyo mkalimani wetu wa kweli alikuwa binti wa darasa la saba, aliyekuwa hana shule ya kwenda hadi mwisho wa Juni, na ambaye alikuwa na tabia njema ya kutopunguza makali ya maneno ya wakubwa.

Makali hayo yalihitajika katika ugomvi wetu mkubwa. Kofia ya viua hutaka ulinganifu. Ua la kulia likilizidi la kushoto kwa tundu moja, fundi hufumua. Ushanga wa Kimaasai una sheria nyingine: rangi haiachwi iende mbali bila ya kukatwa, na rangi mbili kubwa hazikutanishwi bila ya kitu chembamba cha kuzitenga, pengine mstari mweupe, pengine nyeusi mbili tatu, na mkato huo si lazima uwe mahali palepale kila upande. Wifi alipoona katikati ya ua lake jekundu mstari wa ushanga mweupe umepita kwa mshazari, aliona ni uzembe. Akaufumua. Kipande kilirudi Olbalbal kimenyooka na kulingana, na akina mama wakakitazama kama mtu anavyotazama meno ya bandia. Mmoja wao alikata shauri la kuurudisha mstari kimyakimya. Mwingine alisema tuache kazi. Na mimi, kwa tabia ya ualimu, nilikuwa tayari kutunga barua ndefu ya suluhu.

Koko alitangulia. Alisema, na binti akatafsiri bila kupunguza, kwamba yeye hamjui huyo mama wa baharini na huyo mama hamjui yeye, na kwamba watu wasiokaa pamoja hawawezi kukubaliana juu ya kila ushanga. Basi sheria iwe moja: kitambaa kikiwa mkononi mwako, amri ni yako, na kikishatoka mkononi mwako, amri imetoka nacho. Atakayetaka kufumua na afumue, lakini ajue kwamba mwenziwe naye ana sindano. Wifi alinyamaza kwa siku kadhaa. Hatimaye alituma sauti fupi: "Waambie mama zangu nimekubali. Na huo mweupe wao niliuona tena jana nilipofumba macho, haunitoki." Tangu hapo hakufumua tena, ila katika vipande vya mwisho alivyotoboa yeye, matundu yalianza kukatika kwa mshazari, na akina mama nao wakaanza kulinganisha pembe mbili ambazo zamani wasingejali kuzilinganisha. Hakuna aliyemwagiza mwenzake.

Naandika haya kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyojifunza, na sikuyajua kabla. Nilikuwa nikidhani kwamba tatizo la kufanya kazi mbali mbali ni umbali. Kumbe umbali ulitatuliwa na makondakta wa mabasi, mabaharia na binti mmoja wa darasa la saba. Lililobaki lilikuwa ni mamlaka. Na wale wanawake walikuwa wamezoea, kwa miaka yote ya utalii, amri ya mtu asiyeshika sindano. Mmoja wa namna hiyo alitujia hata wakati ule: mnunuzi wa nje ya nchi, aliyepata kuona picha ya kipande kimoja, akaanza kuandika ujumbe mmoja baada ya mwingine, akitaka nyekundu izidi, kaniki iondolewe, na kazi nzima iwe "ya Kimaasai zaidi", akitaka pia picha kila juma za kumwonyesha maendeleo. Hakutuma fedha ya ushanga, ambao bei yake Karatu ilikuwa imepanda, wala nauli ya kifurushi. Nilimsomea koko ujumbe huo. Aliuliza, "Ana kitambaa mkononi?" Nikasema hana. "Basi huyo ni mtazamaji," akasema, akaendelea na kazi yake.

Watu wengine, katika maradhi mengine, wamewahi kuunganisha nguo wasionane. Ukimwi, ambao hapa kwetu wagonjwa wake wa kwanza walijulikana Kagera mwaka 1983, ulimfanya Cleve Jones wa San Francisco awaombe watu washone majina ya waliokufa, kila jina katika kipande cha futi 3 kwa 6, kadiri ya kaburi; na tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa Washington, vimetoka katika nyumba za watu ambao wengi wao hawakuwa wamepata kuonana. Katika kijiji cha Hamburg, Afrika Kusini, wanawake wa kikundi cha Keiskamma walidarizi mwaka 2005 kazi kubwa ya nyuzi na ushanga juu ya maradhi hayohayo. Nazistahi kazi hizo. Lakini kipande cha Washington kilikuwa kimekamilika kabla ya kutumwa, kila mmoja ana chake, na kazi ya kuviunganisha haikumtaka mtu avumilie mkono wa mwingine ndani ya kazi yake. Kitambaa chetu kilikuwa kidogo sana mbele ya hivyo, na hakikumlilia mtu. Ila kila shibiri yake ilipitiwa na sindano mbili zisizokubaliana.

Asije mtu akanielewa kwamba nausifu ugonjwa. Nimepata kusoma maandishi ya watu walioshukuru kwa utulivu wa mwaka 2020, na nafikiri walikuwa na akiba. Olbalbal utulivu huo ulikuwa njaa, na Ng'ambo ulikuwa deni la dukani. Watu walivaa barakoa za kitenge, walijifukiza nyungu, na walizika. Wanawake wale walishona kwa sababu mikono yao haikuwa na kazi nyingine, na kama magari ya wageni yangerudi mwezi wa Mei wangetuacha na bafta yetu mara moja, tena wangekuwa na haki. Kilichotokea ni kwamba mnunuzi alipoondoka, nafasi yake ilikaliwa kwa muda na fundi mwingine. Na jicho la fundi ni kali kuliko la mnunuzi, na lina adabu zaidi.

Vipande vilipounganishwa kuwa kitambaa kimoja, kikapindwa kwa kaniki, kilikuwa Unguja, kwa kuwa mshono wa mwisho ulikuwa wa wifi. Wageni walipoanza kuonekana tena kisiwani, kiliuzwa kwa nyumba moja ya wageni. Nilitazamia akina mama wasikitike, lakini hawakusikitika. Fedha ziligawanywa kwa hesabu ya vipande, zikanunua mbuzi, sare za shule na, kwa wifi, bafta mpya. Tangu Juni 2022 baadhi ya kaya za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni, na miongoni mwao wamo wawili wa washonaji wetu, ambao sasa ni watu wa mkoa wangu wa Tanga, nami bado ni mwalimu katika mkoa wao.

Lililoniudhi ni karatasi iliyobandikwa chini ya kitambaa kile ukutani, ambayo wifi alinipigia picha: ilisema kwamba ni kazi ya asili ya mikono ya Kimaasai, basi. Mkono wa Unguja haukutajwa, wala jina la mama hata mmoja wa Olbalbal, ijapokuwa orodha ya majina yote ilikuwa imekunjwa ndani ya kifurushi. Wewe, basi, unayeagiza kazi ya mkono kutoka mbali, na siku hizi mko wengi, lipa ushanga na nauli ya kifurushi kabla ya kudai picha. Na karatasi ya majina ikikufikia, ibandike kama ilivyo.